Muulize Bibi: Shimoni, Wasini na maji ya saa 10 jioni

Toleo lililopita msomaji mmoja aliniuliza aende wapi pwani ambako hatapigiwa honi wala kuuziwa shanga kila hatua. Nikamjibu kwa mistari mitatu: apite Diani bila kugeuka, ashuke Shimoni, avuke hadi kisiwa cha Wasini. Nikadhani yamekwisha. Sasa mhariri ameniletea barua chungu nzima, zote za Shimoni. Nilifundisha shule ya msingi huko kusini mwa Kwale miaka 19, na nusu ya ndugu za marehemu mume wangu wako ng'ambo pale Wasini. Kwa hiyo najibu kama mkaza mwana wa pale, si kama ajenti wa utalii.

Shikamoo Bibi. Desemba tunashuka Mombasa mimi, watoto wangu wawili (miaka 7 na 11) na mama yangu mzazi, ana miaka 68 na hajawahi kupanda chombo cha bahari. Nimeona safari ya siku moja: mnaondoka Diani saa 1 asubuhi, mnaona pomboo, mnaogelea Kisite, mnakula Wasini, saa 10 mko njiani kurudi. Je, inatosha? Na mama ataweza? – Mama Wawili, Nakuru

Marahaba, mwanangu. Kwa kuona pomboo, inatosha. Kwa kuona Wasini, haitoshi.

Safari ile imepangwa kwa saa ya hoteli, na kijiji kinakwenda kwa saa ya maji. Mvuvi wa pale humuulizi ni tarehe ngapi, unamuuliza mwezi una ngapi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, tuna bamvua: maji yanajaa sana na yanatoka sana, tofauti ya kimo hufika karibu mita 4. Siku hizo maji huwa yametoka kabisa saa 4 au saa 5 asubuhi, na kujaa saa 10 au saa 11 jioni. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na mambo yanageuka: asubuhi saa hizo hizo maji yamejaa, ila hayajai kwa kishindo wala hayatoki mbali. Katikati ya hapo, kila siku maji huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Shika hayo na utajua mengi kuliko aliyekuuzia tiketi.

Sasa tazama. Wasini kuna bustani ya matumbawe, matumbawe ya kale yaliyokufa zamani na kubaki yamesimama juu ya tope, ya kijivu, mengine marefu kuliko mtu. Akina mama wa kijiji wamejenga njia ya mbao kupita juu yake na mikoko yake, wao ndio wanaokusanya kiingilio na wao ndio wanaotengeneza ubao ukioza. Mgeni wa siku moja akija wakati wa bamvua hupitishwa pale baada ya chakula, mchana, anaona mawe na tope, anapiga picha, anauliza "ndiyo hii?" Saa 9 anaitwa mashuani. Saa 10 ndipo bahari inapokuja! Kwanza vishimo vya kaa vinaanza kutoa mapovu. Kisha maji yanapita kati ya mizizi ya mikoko, membamba, na takataka zake za majani mbele. Dakika ishirini baadaye ubao uliosimamia una bahari chini yake na samaki wadogo wanapita kati ya yale mawe kana kwamba hayakuwa makavu mchana kutwa. Wakati huo nyinyi mko kwenye basi, mmesinzia.

Kwa hiyo laleni. Usiku mmoja, mkiweza miwili. Kuna nyumba za wageni Shimoni na kisiwani, za kawaida, feni na neti. Mkilala Wasini hakuna gari hata moja, kisiwa kizima ni vijia vya miguu, na maji matamu huko ni mali: tangu zamani watu wameishi kwa mvua inayokusanywa kwenye jabia, yale matangi ya mawe utakayoyaona karibu na nyumba na misikiti. Waambie watoto wasifungulie maji wakasahau.

Kuhusu bibi yao. Desemba mmelenga vizuri, kusi imekwisha, kaskazi inavuma, bahari ina adabu kuliko miezi ya masika. Lakini mimi ningechagua maji mafu kwa ajili yake. Bamvua hutia mkondo mkali kwenye mlango wa bahari kati ya Shimoni na Wasini, na maji yakiwa yametoka chombo hakifiki ufukweni. Nakumbuka wifi yangu wa Voi, mwaka wa kwanza kuja kututembelea. Mashua ilisimama mbali, nahodha akasema "hapa ndipo mwisho", akashuka na viatu vipya vya ngozi mkononi na gauni limefungwa kiunoni, akatembea juu ya mawe yenye ncha mpaka pwani akimtaja Mungu kila hatua. Mguu ulichanika, harusi tuliyomwitia akaihudhuria na kandambili. Shimoni lipo gati, lakini upande wa kisiwani inategemea mnapelekwa kushukia wapi, basi mvalishe viatu vya plastiki vya kufunga na umuulize nahodha mapema. Kwa maji mafu huenda bahari isifike vizuri kwenye bustani ya matumbawe. Huwezi kupata vyote. Bamvua mtarudi nayo mwaka mwingine, bila bibi.

Kuvuka Wasini kwenyewe ni chini ya robo saa kwa mashine. Akivuka akicheka, kesho mpeleke Kisite. Akivuka akiwa amefumba macho, muache barazani na wenzake, hatakosa mazungumzo. Mashuani asikae omo, yaani mbele kabisa, huko ndiko chombo kinakorukia. Akae katikati, atazame mbele, na asubuhi anywe chai ya tangawizi na mkate mkavu. Mahamri ya mafuta kabla ya bahari ni ya waliozoea.

Kisite na Mpunguti ni hifadhi ya bahari tangu miaka ya 1970, na sasa iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Hifadhi ya Kisite ina kilomita za mraba 28, hapo hakuna kuvua kabisa. Upande wa Mpunguti, kilomita za mraba 11, wavuvi wa kienyeji wanaruhusiwa kwa mitego yao ya asili. Ada hulipwa kwa simu kupitia eCitizen, hawachukui pesa taslimu, na mtandao Shimoni una siku zake, kwa hiyo lipa usiku uliotangulia. Watoto waogelee na fulana za mikono mirefu, maana mgongo wa mtoto anayeelea na mrija mdomoni unaungua bila yeye kujua. Wasisimame juu ya tumbawe. Lile wanaloliona jiwe ni hai.

Na pomboo. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Kabla hujatoa hela mwambie nahodha: hatukimbizi. Niliwahi kuwa kwenye boti ambayo nahodha wake, jina nalihifadhi, alishindana na boti nyingine tatu kumzunguka pomboo na mwanawe, mashine zikinguruma, wageni wakishangilia. Yule mama alizama na mwanawe na hatukumwona tena, wala hakuna aliyemwona siku hiyo. Nahodha mwenye akili hupunguza mashine, hukaa pembeni, hungoja. Mara nyingi pomboo huja wenyewe kuchezea mawimbi ya omo. Wasipokuja, mmeona bahari, na hiyo nayo mlikuwa hamjaiona Nakuru.

Bibi, mimi ni mwalimu wa darasa la sita. Nataka kuleta wanafunzi kwenye pango la Shimoni. Mwenzangu kazini ananiambia zile habari za watumwa ni hadithi walizotungiwa watalii, kwamba wenyeji wenyewe walijificha mle kuwakimbia maadui. Nani mkweli? Na watoto wataogopa? – Mwalimu, Machakos

Mwalimu mwenzangu, wote wawili wakweli, na ndiyo sababu napenda kuwaleta watoto pale.

Jina la mji wenyewe limetokana na shimo hilo. Wazee wa Shimoni niliowakuta walisimulia kwamba Wamasai walipokuja kuteka ng'ombe na watu, wenyeji waliingia pangoni, watu na vyakula. Mle ndani kuna maji ya kunywa, basi wangeweza kukaa. Wazee hao hao walisimulia pia kwamba baadaye watu waliofungwa minyororo waliwekwa mle kungoja chombo. Pango moja linaweza kuwa kimbilio la babu na gereza la mjukuu, wala hakuna ajabu.

Tazama ramani na watoto. Mbele ya Shimoni, ng'ambo ya mkondo wenye kina kirefu, iko Pemba. Mwaka 1872 tufani kubwa liliangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikawa ndiyo shamba kubwa la karafuu. Mashamba yalihitaji mikono. Mwaka 1873 Sultani Barghash, akisukumwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar na kupiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari. Kitu kikipigwa marufuku na wanunuzi wako palepale, biashara haifi, inaingia mafichoni. Sasa waulize wanafunzi wako: mtu mwenye bidhaa ya kuficha, na Pemba iko pale mbele, angehitaji nini ufukweni? Waache wajibu wenyewe. Utumwa wenyewe kwenye pwani ya Kenya ulifutwa kisheria mwaka 1907, yaani kuna watu niliowaamkia shikamoo nikiwa mtoto ambao wazazi wao waliujua.

Unashuka kwa ngazi. Macho huchukua muda. Kuna mahali dari la jiwe limetoboka na mwanga unashuka na mizizi ya mti, kisha giza tena. Sakafu ni tope la kuteleza, popo wako juu, maji yanadondoka. Utaonyeshwa vyuma ukutani. Mara ya mwisho nilipopeleka darasa, mtoto mmoja wa kiume, mtundu kuliko wote, aliweka kifundo cha mkono wake karibu na chuma kile apime, akautoa haraka, akaukalia mkono mpaka tulipotoka. Sikumuuliza kitu. Wataogopa popo dakika tatu za kwanza, hilo tu. Beba tochi mbili, usitegemee simu.

Pango linaendeshwa na jamii ya Shimoni, na kiingilio kinasaidia shule na zahanati, kwa hiyo usibishane bei kama uko sokoni. Karibu yake kuna jengo la zamani la wakoloni lililofanywa makumbusho ya utumwa. Waonyeshe na hilo. Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888, ilianza kuweka makao hapo kabla mambo hayajahamia kwingine. Kwamba waliosema wamekuja kukomesha utumwa walijenga ofisi hatua chache kutoka pangoni, na wao wakaanza kutawala, ni somo la jioni nzima. Mimi nilikuwa nawapa kama insha.

Bi Mkubwa, shikamoo. Niko Tanga. Babu yangu alikuwa akisema asili yetu ni Wavumba na kwamba tuna watu Wasini. Nikitoka huku nifikeje, na nitaelewana nao? – Mjukuu wa Mvumba, Tanga

Marahaba, na karibu nyumbani.

Panda basi la Mombasa, mtavuka mpaka Horohoro na kuingia Lunga Lunga. Beba pasi ya kusafiria au hati ya muda. Kitambulisho peke yake hakitoshi kati ya nchi zetu mbili, na usikubali mtu akuambie upite na jahazi la usiku. Mwambie kondakta akushushe Kanana, kabla ya Ramisi. Hapo unachukua bodaboda au matatu, kama kilomita 14 mpaka baharini, barabara inaishia gatini, huwezi kupotea. (Wanaotoka Mombasa nao hushuka hapo hapo: feri ya Likoni, kisha matatu ya Lunga Lunga au Vanga.)

Babu yako hakukosea. Wavumba wako Wasini, Vanga, Jimbo, na upande wenu pia, mpaka uliwekwa juu yao wakiwa wamekaa. Mji wao wa zamani, Vumba Kuu, magofu yake yako karibu na mpaka huo, na watawala wao waliitwa Madiwani, wenye siwa yao, lile baragumu la enzi. Ukifika Wasini usianze na magofu, anza na msikiti. Swali la kwanza watakalokuuliza ni "wewe wa nani?" Taja babu, na baba wa babu kama unamjua. Ninavyowajua, kabla chai haijapoa atakuwa amepatikana mzee wa kukuonyesha kaburi. Kuna kaburi la mnara pale lenye vipande vya vyombo vya Kichina vilivyopachikwa ukutani, watalii hulipiga picha na kupita. Wewe kaa nalo kidogo.

Lugha mtaelewana. Wazee wakisema Kivumba wao kwa wao utaachwa nyuma maneno mawili matatu, nao watafurahi kukucheka.

Ukiwa na siku ya ziada, pita Kibuyuni, kijiji cha jirani, utazame akina mama wa mwani. Nenda bamvua asubuhi, wakati huo ndio wako kazini, maji yakiwa yametoka na kamba zao ziko wazi, wameinama wakifunga vipande vya mwani kimoja kimoja kwenye kamba zilizotandazwa baina ya vigingi. Ukienda maji yamejaa utaona bahari tupu na utasema hapana kitu. Huukausha na kuuza, na wengine hutengeneza sabuni. Nunua sabuni. Mimi natumia, ngozi ya mzee haiwashi.

Bibi, nije na kaptura? Na mimi sili vitu vya baharini vyenye miguu. Nitakufa njaa? – Binti wa Kisumu

Hutakufa njaa, mwanangu. Kuna wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha, maharage ya nazi. Lakini wewe wa Kisumu umekula mbuta na kichwa chake ukamtafuna macho, kaa wa Wasini amekukosea nini? Wanamchemsha mzima, anakuja mwekundu sahanini, na kipande cha mbao au jiwe la kupasulia. Usianze na mwili. Vunja gando kubwa kwanza, pigo moja pembeni, si katikati, maana ukipiga katikati ganda linaingia kwenye nyama. Chomoa, chovya kwenye ndimu na pilipili. Baada ya hapo niandikie tena kuhusu miguu. Pombe usiitafute kijijini, na Ramadhani usile barabarani mchana.

Kaptura vaa Kisite majini, hakuna atakayekuuliza. Ukikanyaga kijiji, funika magoti na mabega. Njoo na kanga mbili. Moja ya kujifunga. Ya pili ya kukalia mashuani, maana mbao zile zimelowa chumvi tangu asubuhi, na ukishuka na alama nyeupe nyuma watoto wa Wasini watakufuata mpaka bustanini wakiimba.